Haki ya Mwili na Haki ya Sahani

Wako watu wanaodhani kwamba uadilifu hauhusiki ila na mambo makubwa: kuua, kuiba, kuzini, kushuhudia uwongo. Ama habari ya kula, wao husema, hiyo ni shauri la tumbo na mfuko. Mwenye nacho ale ashibe, asiye nacho asubiri, na dini isiingie jikoni. Mtu aliyeanza kuitafuta dini huweza kuliona neno hili kuwa la busara, maana kwa nini Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, ashughulike na ukubwa wa tonge?

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba dai hilo si sahihi. Wala sitalipinga kwa vitisho, bali kwa kuutazama mwili wenyewe jinsi ulivyoumbwa. Tukiisha kujua mwili wahitaji nini, kwa kiasi gani na katika umri gani, tutaona wenyewe kwamba sahani ni mahali pa hukumu. Hapo mtu huweza kutenda haki au dhuluma mara tatu kwa siku, bila askari wala kadhi kumwona.

Mifano yangu mingi nitaitoa katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002. Mji huu umekaa chini ya Mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye viboko, juu ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Ardhi yake ina rutuba, na watu wake ni mchanganyiko wa Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig, Warangi na wengine wengi. Sokoni hupatikana mahindi, maharage, mbaazi, maziwa, samaki wa ziwani na dagaa waliokaushwa. Mtu hawezi kusema kwamba ni nchi iliyonyimwa. Basi hapa ndipo pafaapo kuuliza: chakula kikiwapo, je, kila mwili wapata haki yake?

Swali hili si la Babati tu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko ipasavyo kwa umri wao. Wakati huohuo, miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito walikuwa 18 katika kila 100 mwaka 2004-05, nao wakafika 28 mwaka 2015-16. Yaani nchi moja, na mara nyingi mtaa mmoja, una mtoto asiyekua na mtu mzima anayezidi. Haya si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Mzizi wake mmoja ni kutojua kipimo, na mwingine ni kutojali mwenzako.

Mwili wahitaji nini?

Zamani shuleni tulifundishwa kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kuulinda. Mgawanyo huo ni mwepisi, lakini wafaa kwa kuanzia. Wanga, kama ule wa ugali, viazi na ndizi, pamoja na mafuta, hutia nguvu, na kipimo cha nguvu hiyo huitwa kalori. Protini, iliyomo katika maharage, mbaazi, maziwa, mayai, samaki na nyama, hujenga mwili na kuutengeneza unapochakaa.

Lakini hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Mwili hutanguliza nguvu kabla ya ujenzi. Moyo lazima upige, mapafu yavute pumzi, na damu ibaki na joto lake. Ikiwa kalori hazikutosha, mwili huchukua ile protini iliyokusudiwa kujenga na kuichoma kama kuni. Mfano wake ni mwenye nyumba aliyekosa kuni, akavunja fremu ya dirisha ili achemshe chai. Chai atakunywa, lakini nyumba yake yabomoka. Kwa hiyo mtoto mwenye njaa ukimpa kipande cha nyama bila chakula cha kutosha, nyama ile haitamjenga kama utakavyo, itaishia motoni.

Na upande wa pili una siri yake. Wanga na mafuta yakizidi, mwili huyaweka akiba kama shahamu chini ya ngozi na tumboni. Ama protini iliyozidi haina ghala. Mwili huvunja kilichozidi. Sehemu moja huichoma au kuigeuza kuwa mafuta, na sehemu nyingine, ile yenye naitrojini, huitoa kwa mkojo. Tafadhali likumbuke jambo hili, maana hukumu ya makala haya yategemea hapo.

Sasa, kiasi gani chatosha? Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzao wa FAO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, katika taarifa yao iliyotolewa mwaka 2007, walikadiria kwamba mtu mzima mwenye afya yatosha apate gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Basi mtu wa kilo 60 ahitaji karibu gramu 50. Fanya hesabu: unga wa mahindi gramu 400 una karibu gramu 32 za protini, na maharage makavu gramu 100 yana karibu 22. Jumla yake ni gramu 54. Ni kweli kwamba protini ya mimea haisagiki yote tumboni, lakini kikombe cha maziwa chenye gramu 8 hufidia upungufu huo.

Zaidi ya hayo, mahindi na maharage husaidiana. Protini hujengwa kwa vipande vidogo vya namna mbalimbali. Mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho laisini, na maharage yana wingi wake. Tena maharage yapungukiwa na kipande kingine ambacho mahindi yanacho. Bibi zetu waliopika makande hawakuingia maabara yoyote, lakini chungu chao kilikuwa na elimu.

Nani ale nyama?

Ikiwa mambo ni hayo, tuiangalie desturi iliyomo katika nyumba nyingi, si za Babati peke yake. Siku nyama inapopikwa, baba hutengewa finyango kubwa. Wageni wa kiume hufuata, kisha vijana. Mama hula kilichobaki, na mtoto mdogo hupewa ugali uliochovywa katika mchuzi. Ukiuliza sababu utaambiwa: "Baba ndiye afanyaye kazi."

Hoja hii yaonekana ni ya haki, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Hata wataalamu wakubwa waliwahi kuiamini. Katika karne ya 19 mwanakemia Liebig wa Ujerumani alifundisha kwamba misuli ikifanya kazi huchoma protini yake yenyewe, na kwa hiyo mfanyakazi hana budi kula nyama nyingi. Mwaka 1865 wasomi wawili, Fick na Wislicenus, waliamua kulijaribu neno hilo kwa miili yao. Waliupanda mlima Faulhorn huko Uswisi wakiwa wamejizuia kula chakula chenye protini, wakapima mkojo wao ili wajue ni protini kiasi gani iliyovunjwa. Ilidhihirika kwamba kiasi hicho kisingeweza kabisa kuwapandisha mlima ule. Kilichowapandisha ni wanga na mafuta.

Basi mtu anayelima kutwa, au anayepanda Mlima Kwaraa kukata kuni, ni kweli ahitaji kula zaidi. Lakini linalozidi kwake sana ni hitaji la kalori, na ugali, viazi na mafuta kidogo humtosheleza. Hitaji lake la protini haliongezeki kwa kadiri ya jasho lake.

Ama mtoto, hali yake ni kinyume. Yeye hajengi tu panapochakaa. Ajenga nyumba mpya. Katika mwaka wake wa pili, kwa kila kilo ya mwili wake, ahitaji protini zaidi kuliko baba yake, na kalori karibu mara mbili ya baba yake. Na tumbo lake ni dogo: mtoto wa kilo 10 hubeba chakula cha kama gramu 300 tu kwa mara moja. Ukimpa uji mwembamba, tumbo litajaa maji na mwili utabaki na njaa. Wataalamu wa Kitanzania walilichungua tatizo hili katika miaka ya 1980 na kuonyesha faida ya kimea: unga kidogo wa mtama au ulezi uliooteshwa, ukitiwa katika uji mzito, huulainisha bila kuongeza maji. Kwa njia hiyo kikombe kilekile hubeba chakula kingi zaidi.

Sasa ziweke hesabu mbili katika mizani moja. Baba wa kilo 60 aliyekwisha kula ugali, maharage na maziwa amepata haki yake ya protini kwa siku hiyo. Akiongezewa robo kilo ya nyama, ameongezewa karibu gramu 50 nyingine. Hizo hazitamjenga, mwili wake utazivunja. Lakini mtoto wake wa kilo 10 ahitaji kama gramu 11 tu kwa siku nzima: yai moja na nusu kikombe cha maziwa humpa karibu gramu 10. Basi kilichomwagwa chooni na mmoja kingeweza kuwa mfupa, damu na akili ya mwingine. Je, bado utasema kwamba kugawa nyama si jambo la uadilifu?

Na usidhani kwamba ni mtoto peke yake. Mama anayenyonyesha hutumia karibu kalori 500 zaidi kwa siku, na mjamzito naye ajenga mwili wa pili ndani ya mwili wake. Mzee ambaye misuli yake yapungua, na mgonjwa anayepona, nao wana haki ya kutangulizwa. Desturi humtanguliza mwenye nguvu. Lakini mwili, kama ulivyoumbwa, humtanguliza mdhaifu. Twafanya vema kuuliza ni ipi kati ya sheria hizi mbili iliyo karibu zaidi na matakwa ya Muumba.

Fundisho la unyafuzi

Pengine msomaji atasema: "Kama ni hivyo, dawa ni kuleta protini nyingi tu kwa watoto." Hilo nalo liliwahi kudhaniwa, na historia yake inafundisha.

Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, ngozi ikibabuka na nywele zikibadilika rangi. Mwaka 1935 akautaja ugonjwa huo kwa jina ambalo akina mama wa Kiga walilitumia, nalo ni kwashiorkor. Kwetu waitwa unyafuzi au kwashakoo. Maana ya jina lile ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Tazama hekima ya akina mama wale! Wao walitaja chanzo: mtoto mmoja amekuja, na mwingine akaachishwa ziwa bila kupewa mbadala.

Baadaye ulimwengu ukashikwa na hofu ya upungufu wa protini. Katika miaka ya 1950 na 1960 yalibuniwa maunga ya samaki na maziwa ya unga kwa ajili ya nchi maskini. Lakini ilipofika mwaka 1971 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilipunguza makadirio ya protini inayohitajika, na mwaka 1974 Daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba juhudi ile kubwa ilikuwa imepotoka. Mahali pengi watoto hawakukosa protini peke yake. Walikosa chakula cha kutosha, na ile protini kidogo waliyoipata iliungua kama kuni. Tena kuhara, minyoo, surua na maji machafu viliwanyang'anya hata kile walichokula.

Waliofanikiwa ni wale waliorudi nyumbani kwa mgonjwa. Mwaka 1965, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, ilianzishwa kliniki ya Mwanamugimu, ambamo mama alifundishwa kumponya mwanawe kwa vyakula vya shamba lake mwenyewe. Hapa Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ilifanywa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Kisha ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai mwaka 1975. Katika miaka ya 1980 mkoani Iringa, wanakijiji walipima uzito wa watoto wao kwa vipindi, wakakaa pamoja kuuliza: kwa nini huyu hakuongezeka? Ni mama kukosa nafasi ya kumlisha zaidi ya mara mbili? Ni ugonjwa? Ni mahindi kuuzwa yote? Utapiamlo mkali ukapungua sana. Dawa yao kubwa ilikuwa swali, lililoulizwa mbele ya watu wote na wanaume wakiwapo.

Uzito na mizani ya nguvu

Tugeukie sasa upande wa anayezidi. Mizani ya nguvu ni rahisi kuitaja: kinachoingia kikizidi kinachotumika, mwili huweka akiba, kikipungua, mwili hula akiba yake. Kilo moja ya shahamu ya mwili ni akiba ya karibu kalori 7,700. Chupa moja ya soda ina kama kalori 140. Anayeongeza chupa moja kila siku juu ya mahitaji yake, kwa hesabu tupu, amejiongezea zaidi ya kalori 50,000 kwa mwaka. Kwa kweli ongezeko la uzito huwa dogo kuliko hesabu hiyo, kwa sababu mwili mkubwa hutumia zaidi. Lakini njia ni hiyohiyo, nayo ni ya polepole hata mtu haioni.

Wengi hujifariji kwa kusema: "Nitakula, kisha nitatoa jasho." Hapa Mkoa wa Manyara una ushahidi wa ajabu. Wahadzabe, ambao sehemu ya nchi yao ni bonde la Yaeda katika wilaya ya Mbulu, huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwanamume wao hutembea karibu kilomita 11 kwa siku. Mwaka 2012 mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe 30, watu wazima, kwa kuwanywesha maji yenye alama maalumu ambayo huonyesha kiasi cha nguvu inayotumika. Walitarajia kukuta watu hao wakitumia kalori nyingi mno kuliko wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. La! Ukubwa wa mwili ukizingatiwa, matumizi yalikuwa sawa. Yaelekea mwili wenye kazi nyingi hujibana mahali pengine.

Hii haina maana kwamba kazi na kutembea havifai. Vyafaa sana kwa moyo, kwa misuli na kwa sukari ya damu. Lakini maana yake ni kwamba jasho si fidia ya ulafi. Mtu hawezi kula bila kipimo jioni akajinunua kwa mbio za asubuhi. Kurani Tukufu, baada ya kuruhusu kula na kunywa, yakataza israfu; nayo haikusema kwamba israfu yahalalika kwa afanyaye kazi.

Vivyo hivyo na saumu. Anayefunga mchana, kisha usiku akala vitumbua, sambusa, tambi na soda kupita alivyokuwa akila siku nyingine, huyo amehamisha meza tu kutoka mchana kwenda usiku. Ni wengi wanaoumaliza mwezi wa Ramadhani wakiwa wazito kuliko walivyouanza. Chakula cha mchana ambacho hakukila kilikuwa chaweza kuwa cha jirani. Saumu iliyomwongezea mfungaji kitambi na haikumwongezea jirani hata kibaba kimoja, yapasa mwenyewe aihoji.

Kipimo cha kawaida cha uzito wa mtu mzima ni kugawa kilo zake kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 25, husemwa kwamba uzito ni wa afya. Mwenye kimo cha mita 1.70 basi afaa kuwa kati ya kilo 54 na 72 hivi. Kipimo hiki hakijui tofauti ya misuli na mafuta, kwa hiyo tabibu hutazama pia mzunguko wa kiuno. Ni kipimo cha kukukumbusha, wala si hukumu ya utu wako.

Nalisema hili kwa makusudi. Kati yetu yako makosa mawili ya kinyume. La kwanza ni kuuheshimu unene kwa kuwa ni alama ya mali, na kumshuku mwembamba kwamba ana ugonjwa. Hasa tangu UKIMWI ulipoingia katika miaka ya 1980, wako waliouogopa wembamba kuliko shinikizo la damu. Kosa la pili ni kumcheka mnene kana kwamba unene wake ni dhambi iliyoandikwa mwilini. Yako maumbile ya kurithi, yako magonjwa na dawa zinazonenepesha, na uko umaskini unaomfanya mtu ale vyakula vya bei rahisi vyenye wanga na mafuta mengi. Wewe uijuaye hesabu ya sahani yako hujui hesabu ya mwili wa mwenzako. Elimu hii tumepewa ili tujihukumu wenyewe kwanza.

Gunia la mbaazi

Litabaki pingamizi moja, nalo ni zito kuliko yote: "Hayo ni maneno ya walioshiba, maskini hana cha kuchagua." Nakiri kwamba umaskini ni kizuizi cha kweli, na asiye na kitu hana lawama. Lakini tutazame mfano mmoja wa nyumbani.

Babati ni miongoni mwa wilaya zinazojulikana nchini kwa kilimo cha mbaazi, ambazo hupandwa pamoja na mahindi katika shamba moja. Mbaazi kavu zina zaidi ya gramu 20 za protini katika kila gramu 100. Hazipungukiwi sana na nyama mbichi. Hata hivyo sehemu kubwa hulimwa kwa ajili ya kuuzwa nje, hasa India. Mwezi Agosti 2017 wakulima wanaukumbuka kwa uchungu, kwani serikali ya India iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku kwetu ikaanguka vibaya. Vikwazo hivyo vililegezwa mwaka 2021.

Mkulima alikuwa na haki ya kuhuzunika, maana ada za shule na bei ya mabati vilitegemea gunia lile. Wala simwambii mtu asiuze mazao yake. Nauliza jambo dogo tu: kabla gunia halijashonwa, je, debe moja lilitengwa kwa ajili ya chungu cha nyumbani? Ikiwa mtoto anadumaa kwa kukosa kile ambacho baba yake anakipakia katika lori, hapo umaskini haukuwa sababu pekee. Soko lilipewa haki yake, na mtoto hakupewa yake. Na ikiwa jirani hana hata debe, basi swali hilo lahamia kwa mwenye magunia kumi.

Basi mwili ni wa nani?

Sasa twaweza kulijibu lile dai la mwanzo. Mtu husema: "Mwili ni wangu, na chakula ni changu, nitakula nipendavyo." Lakini mwili hukuutengeneza wewe. Uliukuta tayari, una sheria zake, na sheria hizo hazikukuuliza ridhaa. Kitu ulichokabidhiwa pamoja na masharti yake huitwa amana. Mwenye amana huweza kuitumia, lakini hana ruhusa ya kuiharibu, si kwa kuinyima wala kwa kuizidishia. Na chakula nacho, ingawa kimetoka kwa jasho lako, kimepita katika mvua ambayo hukuinyesha na udongo ambao hukuuumba. Anayeyakubali haya hawezi tena kusema kwamba dini isiingie jikoni.

Yatupasa basi tuanze na mambo machache yaliyo katika uwezo wetu. Kwanza, katika kupakua, tumtangulize mtoto, mjamzito na mama anyonyeshaye; mwenye nguvu awe wa mwisho, na heshima yake iwe katika kuwangojea. Pili, mtoto alishwe mara nyingi, kwa uji mzito uliotiwa maziwa, karanga au dagaa waliosagwa, na apelekwe kliniki kupimwa uzito, baba naye aisome kadi yake. Tatu, katika kila mavuno, sehemu ya nyumbani itengwe kabla ya sehemu ya soko. Nne, kila mmoja wetu aache kula kabla hajazidiwa, na kile alichojizuia nacho akitafutie mwenye haki nacho.

Ndugu msomaji, si lazima uwe umekwisha kuingia katika dini fulani ndipo uyajaribu haya. Yajaribu leo jioni, sahani zitakapopangwa. Kabla hujanyoosha mkono, tazama nani katika nyumba yako ana mwili unaojengwa, na mbele yake kuna nini.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuijua haki ya miili yetu na haki ya wale aliowaweka chini ya mikono yetu. Amin.